Karo Lisilojaa

Kijiji chetu kiko pwani ya mashariki ya Unguja, kusini ya Paje, ambako ardhi ni jiwe la matumbawe lililofunikwa na udongo wa kudonoadonoa. Mto hakuna. Mvua ya masika ikinyesha asubuhi, adhuhuri huoni hata dimbwi, maana jiwe lina matundu na nyufa kila mahali na maji yote yameshashuka. Mgeni akifika huona ukame. Sisi tuliokulia huku tulijua kuwa maji yapo, ila yapo chini, na hayako peke yake.

Miaka ya 1970, nilipokuwa mtoto, maji ya kufulia na kuoshea vyombo tuliyachota kwenye visima vya karibu na ufukwe. Ya kunywa na kupikia tuliyafuata pangoni, huko uwandani, mwendo wa kutosha kuichosha shingo. Pangoni unashuka kwa miguu, mkono mmoja ukutani, na maji yametulia kiasi kwamba mara nyingi mguu ndio unaokwambia umefika. Wazee waliacha ubani na vipande vya kitambaa kwa ajili ya wenyewe wa mahali. Kuoga mle haikuwa jambo la kufikiriwa, wala kufua. Siku hizi baadhi ya mapango ya ukanda wetu yana kibanda cha tiketi, watalii wanalipa kiingilio waogelee. Wenyewe wa mahali sijui wanasemaje.

Bibi yangu, ambaye kwa utani aliniita mke mwenza, alikuwa na sheria yake ya kisimani. Ndoo yetu ilikuwa dumu lililokatwa juu, likafungwa kamba ya makumbi aliyoisokota mwenyewe. Ukiliachia likazama kwa kishindo, kofi la mgongo halikuwa mbali. "Kwangua juu, mke mwenza. Chini kuna bahari." Basi ulilishusha polepole, ukalilaza ubavu juu ya uso wa maji, likanywa kidogo kidogo, ndipo ukavuta. Bahari ikijaa, maji ya kisima nayo yalipanda, ikipwa, yalishuka. Wanawake walijua saa za kwenda bila kuangalia saa yoyote.

Sababu yake niliipata skuli, baadaye sana. Maji ya mvua ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hiyo yakishapenya kwenye matumbawe huelea juu ya maji ya chumvi yaliyojipenyeza chini ya kisiwa. Wataalamu hukadiria kwamba kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna mita 40 hivi za maji baridi chini ya usawa huo. Ni neema, lakini hesabu hiyohiyo hugeuka: punguza mita 1 juu, na chumvi itakuja kukutafuta kwa mita 40 kutoka chini. Karibu na ufukwe, ambako tabaka lenyewe ni jembamba, pampu ikivuta kwa nguvu mahali pamoja chumvi huinuka kama kichuguu mpaka ikaufikia mdomo wa bomba. Kofi la bibi lilikuwa na elimu ndani yake.

Na si sisi wa uwandani tu. Hata maji ambayo Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliyapeleka mjini kwa mabomba kutoka Chemchem, yalitoka ardhini. Kisiwa kizima kinakunywa mvua iliyopita chini ya miguu yake.

Kipindupindu kilipoingia Zanzibar mwaka 1978, watu wa afya walifika kwetu na unga mweupe wa kutia visimani. Maji yakanuka dawa, wazee wakanung'unika, na kwa muda kila nyumba ilichemsha. Hofu ilipopoa, kuni zikaonekana ghali, na kuchemsha kukaisha. Vyoo wakati ule vilikuwa vichache. Watu wengi walikwenda ufukweni au vichakani, jambo ambalo silisifu.

Kisha ukaja mwani. Mwaka 1989 kilimo chake kilipoanza ukanda wetu, Paje na Jambiani, wanawake walishika pesa yao wenyewe, wengine kwa mara ya kwanza. Mama yangu alikuwa mmoja wao, na pesa ile ilisomesha watoto na kujenga. Nyumba za udongo na makuti zikageuka matofali na bati, na kila nyumba ya matofali ilitaka choo cha ndani, na choo cha ndani kilitaka karo. Mafundi walichimba shimo kwenye jiwe, wakajenga ukuta wa kuzuia kingo, chini wakaacha wazi. Fundi mzuri alijulikana kwa jambo moja: karo lake halijai. Watu walitaja hilo kwa fahari mbele ya wageni, miaka kumi na halijanyonywa! Lilikuwa halijai kwa sababu ileile inayofanya mvua yetu isiache dimbwi. Kila kilichoingia kilikwenda kulekule, na kisima cha jirani kilikuwa umbali wa kurusha jiwe. Tumbo la watoto likaharibika, tukalaumu maembe.

Hoteli zilipofuata, tulikuwa tumeshaanza wenyewe kuyaharibu maji. Nalisema kwa sababu vikaoni huwa hatulisemi.

Hoteli kubwa ya kwanza karibu yetu ilijizungushia ukuta mrefu, ikachimba kisima chake ndani. Usiku, upepo ukitulia, tulisikia pampu. Vijana wetu walioajiriwa bustanini walitusimulia namna mpira wa maji unavyowekwa kwenye majani asubuhi na tena jioni, maana mchanga ule haushiki kitu. Mtafiti Stefan Gössling, aliyepima matumizi ya maji pwani hii, alichapisha mwaka 2001 kwamba mtalii mmoja alitumia wastani wa lita 685 kwa siku, takriban mara 15 ya mwenyeji, na sehemu kubwa ilimwagwa bustanini. Ubaya zaidi ni majira. Wageni hujaa wakati wa kaskazi kavu, Januari na Februari, halafu Julai na Agosti. Yaani pale ambapo mvua hairudishi kilichotolewa.

Dalili tuliziona jikoni kwanza. Sabuni ikakataa kutoa povu. Maharage yakawa yanapikwa kutwa bila kuiva. Chai ilibaki na ladha ambayo sukari haikuweza kuifunika, na bibi, ambaye wakati huo macho yalikuwa yamekwisha, alionja kata moja akaitema: "Hii ni bahari." Visima vya ufukweni vikaachwa kimoja baada ya kingine.

Kikao kiliitishwa, na sheha akasikiliza kila upande. Kaka yangu alikaa nyuma, kimya, kwa kuwa mshahara wake ulitoka ndani ya ukuta ule. Mama mmoja aliuliza wanavuta kiasi gani, na hapakuwa na mtu mle kikaoni wa kumjibu. Nadhani hapo ndipo palipokuwa na tatizo letu lote. Kisima cha kamba kina macho ya kijiji juu yake. Aliyechota kupita kiasi anaonekana, anasemwa, anaona haya. Kisima cha ndani ya ukuta hakina shahidi. Vivyo hivyo karo.

Sasa tuna bomba, siku linapotoka, na siku lisipotoka tuna boza la kununua. Nilipojenga nyumba yangu niliweka mifereji kwenye bati na birika la kukingia mvua, hilo halikuzua ubishi. Ubishi ulikuwa wa karo. Nilimwambia fundi alisakafie chini na kuta zote kwa saruji.

"Dada, litajaa hilo."

Nikamwambia ndiyo maana nalitaka.

Aliongeza mifuko ya saruji kwenye hesabu yake, akafanya kazi huku amekunja uso. Mwaka jana gari la kunyonya lilikuja kutoka mjini, likanitoza pesa ya kuumiza, na jirani yangu, ambaye lake halijajaa tangu alijenge, alitoka barazani kunipa pole.