Jogoo, Mtetea na Kifaranga

Jioni, malori yakiwa yanapishana kwenye Barabara ya Morogoro, watoto wawili hukaa chini ya mwembe wetu hapa Visiga. Mmoja ni binti yangu wa darasa la nne, mwingine ni binti wa jirani, yuko la sita. Wana daftari moja la Kiingereza na penseli waliyoikata katikati ili kila mmoja apate kipande.

Kabla ya hapo mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikimfundisha binti yangu. Kila alipomwita baba yake "she", nilipandisha sauti: "Nimekwambia mara ngapi?" Akaanza kunywea, mwisho akawa hajibu kabisa. Ukimya ule naujua. Tangu mwaka 1967 shule nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, kisha sekondari ni Kiingereza. Nilipoingia kidato cha kwanza nilikaa miezi kama bubu, nikiogopa kuchekwa. Inaniuma kwamba woga huohuo nimemtwika mwanangu, tena nyumbani kwake.

Binti wa jirani hakupandisha sauti. Alimwambia, "Hata mimi hapo palinisumbua. Sisi tunasema yeye tu, awe baba, awe mama. Waingereza lazima wamtazame mtu kwanza." Akanyoosha kidole kwa kuku waliokuwa wakichakura: jogoo, "he", mtetea, "she". Palipomkwaza anapakumbuka, maana hajafika mbali napo. Mimi nilishasahau kwamba "yeye" yetu haibagui wa kiume na wa kike, na kwamba kosa la mwanangu lilikuwa na akili ndani yake.

Na mtoto kumfundisha mwenzake si jambo geni kwetu. Kwenye chuo cha Kurani tulisoma hivyohivyo: aliyetangulia juzuu moja alimshika mkono anayeanza alifu, na maalimu akisikiliza kutoka barazani. Nimekulia ndani ya utaratibu huo, nikadhani ni wa Kurani peke yake.

Juzi kifaranga alipita karibu na daftari lao. Binti yangu akauliza, "Na huyu?"

Mwenzake akamtazama yule kifaranga kwa muda mrefu.

"Sijui," akasema. "Kesho nitamuuliza mwalimu, tujue wote."

Binti yangu akaliandika swali lile, kwa Kiswahili, pembeni mwa ukurasa.