Motokari Iliyozimika Mlimani



Mwaka 2011 nilikuwa dereva wa misioni moja ya upande wa Kamanyola. Motokari yetu ilikuwa ya zamani, yenye injini ya mazutu. Leo ilibeba saruji ya shule, kesho walimu wa dini, kesho kutwa mgonjwa. Na njia yetu ya kwenda Bukavu ilikuwa ile ya Ngomo: mlima mkono mmoja, bonde mkono wa pili, na kati yao njia nyembamba ya udongo. Aliyeipita wakati wa mvua hahitaji maelezo yangu.

Siku moja, tukipanda kutoka Kamanyola, injini ilizimika ghafula. Haikukohoa wala kupungua nguvu kwanza, ilinyamaza tu. Konvoyeri wangu, kijana wa miaka kumi na tisa, aliruka akaweka mawe nyuma ya magurudumu. Tulingoja kidogo, nikazungusha ufunguo, ikawaka kana kwamba haikuwa na neno. Baada ya siku tisa ikafanya vile vile. Nikaipeleka kwa fundi huko Bukavu. Mbele yake ilinguruma mchana kutwa. Alipima umeme, akaona volti 12 kila mahali. «Motokari hii ni nzima,» akasema.

Ubaya wa kosa lijalo na kuondoka ni huo: likionekana fundi hayupo, fundi akiwapo halionekani. Na mtu aliyechoka kungoja hutafuta wa kumlaumu.

Mimi nilimlaumu konvoyeri. Yeye ndiye aliyetumwa kununua mazutu kwa bidoni, nami nikajiambia kwamba ananunua kando ya njia yale ya bei ndogo yaliyochanganywa na maji, na fedha inayobaki anaitia mfukoni. Nilimshitaki kwa Padri Paroko mbele ya wafanyakazi wote. Kijana alisema neno moja tu: «Mzee, sikuchanganya kitu.» Aliachishwa kazi siku ile ile. Alikuwa yatima wa baba, na mshahara wake ndio uliomsomesha dada yake.

Tukaosha tangi, tukabadili filtri. Kwa mwezi mzima motokari haikuzimika, nami nikaona nilihukumu vema. Sikukumbuka kwamba mwezi ule tulitembea tambarare ya Ruzizi tu.

Kisha usiku mmoja tuliitwa kumpeleka hospitali mama aliyeshikwa na uchungu tangu asubuhi. Katikati ya Ngomo injini ikanyamaza. Breki ya motokari ile husaidiwa na pampu inayozungushwa na injini. Injini ikizimika, kanyagio huwa gumu kama jiwe. Nilikanyaga kwa miguu yote miwili. Mume wa yule mama ndiye aliyeshuka kutafuta mawe gizani, mikono ikimtetemeka, kwa kuwa konvoyeri hakuwapo. Tuliwasha, tukafika, na mtoto alizaliwa mzima kabla ya mapambazuko. Lakini mimi sikulala. Mazutu ya usiku ule niliyanunua mwenyewe kituoni.

Padri Paroko akanipeleka kwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya kutengeneza malori. Nilianza kumhesabia vitu tulivyobadili, akaninyamazisha kwa mkono. Alitaka kujua mambo mengine: inazimika ikipanda, au hata tambarare? Ikiwa ya moto au ya baridi? Inakohoa kwanza, au inakatika mara moja?

«Mara moja,» nikasema.

«Injini inayokosa mazutu hukohoa, mwanangu. Inayokatika mara moja imenyimwa umeme.»

Nilishangaa, maana nilijua kwamba injini ya mazutu haihitaji cheche. Ndivyo alivyoibuni Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, ambaye injini yake ilifaulu huko Augsburg mwaka 1897: hewa hubanwa kwa nguvu hata ikawa ya moto sana, na mazutu yakiingia huwaka yenyewe. Mzee alikubali, lakini akanionyesha juu ya pampu ya mazutu kitu kidogo kama kifuniko cha chupa, chenye waya mmoja. Ni vali. Umeme ukifika, hufunguka na kupitisha mazutu. Umeme ukikatika, hufunga. Ufunguo huzima injini kwa njia hiyo hiyo. Basi waya ule mmoja ukiwa na kosa, ni sawa na mkono usioonekana unaozungusha ufunguo.

Akachukua ampuli mbili ndogo. Ya kwanza aliiunga mwanzo wa waya, karibu na fuzibli. Ya pili mwisho wake, penye vali. Alizipitisha dirishani, zikakaa mbele ya macho yangu. Tukapakia mifuko ya mchanga, tukaenda Ngomo mchana. Kwenye kona ya tatu ampuli ya pili ilizimika na injini pamoja nayo. Ya kwanza iliendelea kuwaka.

Kosa lilikuwa kati ya ampuli mbili, basi. Gari liliposimama, ya pili ikawaka tena yenyewe. Kumbe kungoja kwetu hakukuwa dawa. Mzee alifuata waya kwa vidole mpaka nyuma ya injini, pale ulipofungwa kwa kamba. Ngozi yake ilikuwa nzima, lakini ndani shaba ilikuwa imekatika. Injini ikivuta mzigo mlimani huinama kidogo, ikauvuta waya, na ncha mbili zikaachana. Ikitulia, zikagusana. Ndiyo sababu kipimo cha fundi wa Bukavu kilisema kweli, ila kilisema kweli ya wakati mwingine.

Kamba ile niliifunga mimi, mwaka uliotangulia, nikaikaza kupita kiasi.

Tuliweka waya mpya, mrefu zaidi kwa kiganja kimoja. Kesho yake nilimwendea kijana. Nilimkuta akibeba matofali. Nilimweleza yote, nikampa kile kipande cha waya. Alikikunja kati ya vidole mpaka akasikia mahali palipokatika, kisha akasema atarudi, ila niseme maneno hayo pale pale niliposema yale ya kwanza.

Nikayasema Jumapili baada ya Misa, mbele ya Padri na wafanyakazi wote. Kijana alisimama karibu na mlango, kipande cha waya mkononi. Mshahara wa miezi aliyokaa bila kazi alilipwa, nusu na misioni, nusu kutoka katika mshahara wangu.