Mlolongo

Wanaoulaani uchaguzi wa mlolongo wa 1988 nchini Kenya hutaja hesabu zilizogeuzwa: mstari mfupi ukatangazwa kuwa mrefu. Ni kweli, lakini naona kwamba hata palipohesabiwa kwa haki, ubaya ulikuwa umekwisha kutendeka.

Siku ile ya Februari, katika uteuzi wa wagombea wa KANU, chama cha pekee wakati huo, mpiga kura hakupewa karatasi. Alisimama mchana kweupe nyuma ya mgombea au picha yake. Jirani yetu mmoja, mjane, alikuwa akikopa unga dukani kwa mgombea mmojawapo. Usiku wa kuamkia siku hiyo alimsema vibaya sana jikoni mwetu. Asubuhi akapanga mstari nyuma ya picha yake, tena mbele kabisa, aonekane. Watoto wake wangekula nini?

Nilimkumbuka niliposoma habari za Solomon Asch, Mmarekani aliyewapima watu katika miaka ya 1950. Walitakiwa walinganishe urefu wa mistari, kazi ya mtoto. Wenzao waliopangwa walipotaja kwa pamoja jibu la uongo, yapata thuluthi moja ya majibu yao yaliufuata uongo huo. Walioruhusiwa kuandika jibu faraghani walikosea mara chache zaidi. Na hao hawakudaiwa unga na mtu!

KANU iliufuta mlolongo mwaka 1990. Desemba 1992 mjane yule alikunja karatasi yake, akaitumbukiza sandukuni. Mpaka alipofariki hakutuambia alimchagua nani, nasi hatukumwuliza.