Maneno Matano Ukutani

Shule anayosoma mdogo wangu, hapa katika mji wetu wa kaskazini ya Uingereza, ni ya Kanisa la Uingereza, yaani la Kianglikana. Sisi ni Waislamu, watu wa Tanga kwa asili. Jamaa wakisikia hushtuka: "Huko mmempeleka kufanya nini?" Jibu ni jepesi. Ndiyo shule iliyo karibu na nyumbani, na haina karo, maana serikali ndiyo inayolipa. Shule za namna hii zipo zaidi ya 4,500. Katika kila shule nne za msingi za serikali, moja hivi ni ya Kanisa hilo.

Ukumbini yamebandikwa maneno matano: upendo, heshima, ukweli, msamaha, uvumilivu. Hebu niambie, msomaji, lipi hapo Mwislamu angelikataa? Kazi iko kwenye ibada. Sheria inataka wanafunzi washiriki ibada ya pamoja kila siku, na katika shule ya Kanisa ibada hiyo ni ya Kikristo.

Mambo haya yana asili yake. Mwaka 1811 watu wa Kanisa waliunda chama ili watoto wa maskini wasome, tena wasome kwa misingi ya Kanisa lao. Serikali ilikuja kuanza kutoa ruzuku mwaka 1833. Kisha sheria ya 1870 ikampa mzazi haki ya kumtoa mwanawe katika ibada na masomo ya dini, na haki hiyo ingalipo hata leo. Mwaka 2016 Kanisa lilitoa dira mpya ya elimu, iliyojengwa juu ya ahadi ya uzima tele katika Injili ya Yohana. Humo linasema shule zake ni za kuhudumia jamii nzima, si waumini wake tu.

Barua ya shule kuhusu haki hiyo niliisoma mimi, nikamfasiria mama. Nikamwambia, "Mama, mwache akae na wenzake. Ukimtoa atakaa maktaba peke yake, naye ana miaka saba tu."

Mama akanitazama. "Mwanangu, si wameandika ukweli ukutani? Basi asiitikie sala isiyo yake. Wao wenyewe wamekataza uongo."

Sikuwa na la kujibu. Mimi nilikuwa nimeshika upendo, yeye kashika ukweli, na yote mawili yametoka ukuta ule ule.

Tulikwenda kwa mwalimu mkuu. Alitusikiliza, kisha akamwuliza mtoto mwenyewe anataka nini. Tukakubaliana: atakaa na darasa lake, atasikiliza hadithi, na wakati wa sala atanyamaza. Hakuna atakayemwambia afumbe macho.

Wiki ya pili akarudi nyumbani anacheka. "Dada, kumbe na rafiki yangu hafumbi macho! Anasema kwao hawana dini."

Kwa maoni yangu, shule iliyojengwa juu ya imani haipimwi kwa mtoto anayeishika imani hiyo. Huyo ni rahisi kumpenda. Inapimwa kwa yule anayenyamaza wenzake wakiitikia: je, bado kiti ni chake? Kwa mdogo wangu, mpaka sasa, ni chake.

Mama hajatulia kabisa. Mtoto, anasema, husikia zaidi ya anachoambiwa. Barua ile ameiweka kabatini, pamoja na pasipoti. Nilipomwuliza ya nini tena, akasema haki haiozi.