Jina Lisilokuwa kwenye Barua

Semista iliyopita mhadhiri wetu wa historia alitupa kazi: andika vizazi vitatu vya familia yako, na hadithi bila ushahidi usiniletee. Huko hosteli tulicheka. Kazi rahisi hiyo! Lakini usiku ule niliandika sentensi mbili tu: "Sisi ni Wamaragoli wa Vihiga. Sisi ni Wakweka." Kalamu ikakwama hapo.

Hata huo Ukweka niliujua juu juu. Mwaka 1902 Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walianzisha misheni Kaimosi. Leo Kenya ina Wakweka wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Sawa, hiyo ni historia ya kanisa. Yetu je?

Nikasoma jinsi Wamarekani wanavyowatafuta mababu zao. Kumbe Wakweka ni watu wa kuandika. Kila mkutano wa mwezi una karani na daftari: nani amezaliwa, nani ameoa, nani amehama. Anayehama hupewa barua ya kupeleka kwa mkutano wa huko aendako. Kwa barua hizo, watu leo wanawafuatilia Wakweka waliotoka North Carolina kwa kuchukia utumwa, wakahamia Ohio na Indiana mwanzoni mwa karne ya 19. Hata miezi waliitaja kama sisi, "mwezi wa tatu", kwa sababu hawakutaka majina ya miungu ya Kirumi. Ila ukizisoma chunga: kabla ya 1752, mwezi wao wa kwanza ulikuwa Machi.

Nikajiambia, kama wao wanaweza, hata mimi naweza. Nikapanda matatu hadi nyumbani.

Guku, yaani nyanya yangu, ana jambo moja asilopenda kuulizwa: baba yake. Mashamba ya Maragoli yalikuwa yamebanana, watu wakatoka kutafuta ardhi. Wengine walienda Lugari, wengine wakavuka hadi Kigumba, Uganda. Baba yake alivuka na mke na watoto. Guku akabaki, akalelewa na shangazi yake. "Walinisahau kama jembe shambani," husema, halafu anabadilisha mazungumzo.

Karani wa mkutano wetu ni mzee mpole. Alinipa chai, akavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Mchwa walikuwa wamekula nusu ya madaftari. Siku ya pili nikaiona nakala ya barua, mwezi wa nane, 1961: jina la babu, mke wake, watoto wawili. Watoto walikuwa watatu. Jina la Guku halikuwepo.

Nilitaka kufunga daftari nirudi chuo. Ushahidi nilikuwa nao, lakini ushahidi gani huo wa kumpelekea mtu? Nikafungua kurasa nyingine mbili. Mwezi wa kumi na moja kulikuwa na mistari mitatu: ndugu yetu wa Kigumba anauliza hali ya mtoto aliyeachwa akiugua, ametuma shilingi 20 za nauli ili aletwe, zimepokelewa na shangazi wa mtoto.

Basi. Baada ya hapo, kimya.

Makomredi, hapo ndipo kazi ya darasa iliisha kwangu. Nikimwambia Guku, nampa baba na namnyang'anya shangazi, yule aliyemlea na kumsomesha, ambaye picha yake iko ukutani hadi leo. Nilikaa na siri hiyo siku nzima.

Jioni nikamwambia yote. Sisi Wakweka wa Kenya tunaimba na kuhubiri kanisani. Ibada ya kukaa kimya tunaisikia tu kwamba iko Uingereza. Jioni hiyo tulikaa kimya hadi moto ukafifia.

"Shilingi ngapi?" akauliza mwishowe.

"Ishirini."

"Wakati huo zilikuwa pesa." Akaitazama ile picha. "Hakuwa na mtoto, yule. Labda aliogopa kubaki peke yake." Kisha akanigeukia. "Kwa hiyo baba aliniulizia."

"Aliuliza, Guku."

Picha bado iko ukutani. Na sasa Guku ananisumbua kila wiki kwa simu: lini tutaenda Kigumba? Kazi yangu niliichelewesha, nikakatwa alama. Lakini wewe ambaye bado una nyanya, usingoje mhadhiri akutume. Mchwa hawafungi semista.