Maksi za mama

Fomu iliuliza jambo dogo tu: shule yenu hutumia kiwango gani cha maksi?

Ilikuwa saa tano usiku, mwezi Januari, katika nyumba ya kupanga kusini-magharibi mwa Houston, Texas. Mama alikuwa amekaa mezani jikoni, kompyuta ya binti yake upande mmoja, kaunta buku lenye jalada gumu upande wa pili. Binti alikuwa darasa la kumi na moja. Tangu darasa la saba hakuwa amekanyaga shule. Shule yake ilikuwa meza hiyo, na mwalimu wake mama huyo. Mwaka wa kuomba vyuo ulikuwa unakaribia, na mama alikuwa akipitia mapema karatasi ambazo mzazi anayefundisha nyumbani hutakiwa kuzijaza.

Akafungua kaunta buku. Baiolojia 78. Historia 72. Hisabati 83. Kiingereza 69. Kemia 61.

Kabla familia haijashinda bahati nasibu ya viza, mama huyo alifundisha hisabati na jiografia kwa miaka tisa katika sekondari moja mkoani Morogoro. Kule, mwanafunzi mwenye 72 anatoka ofisini kwa mwalimu akitabasamu. Katika mtihani wa kidato cha nne A huanzia 75, B huanzia 65, na C huanzia 45. Shule nyingi za Marekani A yao huanzia 90, B 80, C 70, na mwenye 60 na kidogo ana D. Miaka yote hiyo mama alikuwa anasahihisha kama alivyosahihishiwa yeye. Hesabu iliyorukwa hatua ilikatwa maksi hata kama jibu ni sahihi. Insha haikuvuka 80, kwa sababu zaidi ya hapo ni maksi za mwalimu mwenyewe. Sasa, kwa kipimo hicho cha Marekani, binti ambaye nyumbani walimwita kichwa alikuwa mtoto wa C, na kwenye Kiingereza na kemia D.

Alifunga kompyuta akaenda kazini. Usiku huhudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee, mchana hufundisha.

Kusomesha nyumbani si jambo la kujificha Texas. Tangu Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iamue kesi ya Leeper mwaka 1994, shule ya nyumbani huhesabiwa kuwa shule binafsi. Mzazi haombi kibali, hajisajili, wala serikali haimletei mtihani. Wazazi huufurahia uhuru huo, na wana haki. Lakini mtoto akifika mlangoni mwa chuo, hakuna ofisi yenye muhuri itakayosema alisoma nini. Mzazi ndiye mwalimu aliyetoa maksi, ndiye anayeandaa transkripti, na ndiye mshauri wa wanafunzi anayetakiwa kuandika barua ya kumweleza mwombaji. Kazi zote hizo ni za mtu mmoja, naye ni mama mzazi.

Kwa familia hii haikuwa imani wala falsafa iliyomtoa mtoto shuleni. Darasa la saba lilimshinda kwa sababu ya wenzake. Walimcheka lafudhi, wakamcheka nywele, na siku moja mama akagundua kwamba kwa wiki kadhaa binti alikuwa akila chakula chake cha mchana chooni. Alimtoa wiki hiyo hiyo. Baba, dereva wa malori ya masafa marefu, aliambiwa kwa simu akiwa njiani.

Jumamosi moja kwenye sherehe, mama mmoja kutoka Kenya, ambaye naye anafundisha watoto wake nyumbani, alisikia habari ya kaunta buku akacheka.

"Dadangu, weka A zote. Nani atakuja kuangalia hilo daftari lako?"

Ni kweli hakuna ambaye angekuja. Lakini vyuo ambavyo katika kila waombaji mia huchukua chini ya kumi vimeshaona transkripti nyingi zilizojaa A zilizotolewa jikoni. A ya mama peke yake ni nyepesi. Maofisa wa udahili hutafuta mtu mwingine, asiye ndugu, aliyempima mtoto huyo: mtihani wa nje, kozi ya chuo, barua ya mwalimu ambaye hakumzaa. Mzazi anayepandisha maksi anahatarisha jina lake kwa kitu ambacho hakina uzito mkubwa.

Mama hakuyajua hayo yote siku ile. Alichojua ni kwamba aliandika 61 kwa mkono wake. Binti aliikuta rasimu ya transkripti mezani.

"Mama, hii 61 utaituma?"

"Nitaituma."

"Lakini yule mama amesema hakuna atakayejua."

"Nilisahihisha mimi, mwanangu. Mimi najua."

Siku tatu hawakusemeshana isipokuwa kwa mambo ya chakula na kufua. Siku ya nne baba alipiga simu kutoka kituo cha malori Oklahoma. Alisikiliza upande wa mama mpaka mwisho, kisha akauliza, kwa jina analomtania nalo tangu Morogoro: "Mwalimu, hiyo 61 ni ya mtoto au ni ya aliyemfundisha?"

Mama alikasirika, kisha akakaa kimya, kwa sababu lilikuwa swali la haki. Kemia hakuwahi kuifundisha darasani. Aliisoma usiku kutoka kwenye kitabu cha maktaba, akaifundisha asubuhi. Maabara ilikuwa siki, magadi na glasi za jikoni. Mtoto aliuliza kwa nini mmenyuko mmoja unatoa joto na mwingine unameza joto, na mama akamwambia watalirudia. Hawakulirudia.

Aliandika upya. Maksi zote ziliachwa zilivyo, na juu ya ukurasa mistari miwili ikaeleza kwamba mwalimu alisahihisha kwa kiwango cha shule za sekondari za Tanzania, kikifuatiwa na jedwali la kiwango chenyewe. Kila somo liliwekewa vitabu vilivyosomwa, saa kwa wiki na aina ya majaribio. Kwenye kemia aliandika wazi kuwa hapakuwa na maabara na kwamba mwanafunzi angelirudia somo hilo kwingine. Binti alisoma, hakusema kitu, lakini jioni alipika yeye.

Kurudia kwingine, wapi? Walifikiria kwanza mitihani ya AP, ile ya maksi 1 hadi 5 ambayo vyuo vinaiheshimu. Hufanyika Mei, lakini kujiandikisha hufungwa Novemba, na mtoto wa nyumbani lazima kwanza apate shule itakayokubali kumpokea kama mtahiniwa wa nje. Walikuwa wamechelewa miezi miwili. Mama alipiga simu shule tano hata hivyo. Mbili hazikupokea, tatu zilisema hapana. Mzazi mwenye mtoto wa darasa la tisa au la kumi aanze kuulizia shule hizo Agosti.

Kilichobaki ni SAT, na mtihani huo hawakuwa na mpango wa kuukwepa, maana baadhi ya vyuo vilivyoacha kuudai wakati wa korona vimeurudisha; MIT ilifanya hivyo mwaka 2022. Siku hizi hufanywa kwa kompyuta. Binti aliufanya Agosti na tena Oktoba, na mara ya pili alipanda kidogo. Hapo hapakuwa na kisa.

Kisa kilikuwa chuo cha jamii, vile vyuo vya miaka miwili ambavyo Texas huruhusu wanafunzi wa sekondari, wa nyumbani wakiwemo, kuchukua kozi wakishafaulu mtihani wa kupima utayari unaoitwa TSI. Binti alifaulu Machi. Mama ndiye aliyeogopa. Alikuwa amemtoa mtoto kwa watu kwa sababu watu walimuumiza, na sasa, ili apokelewe na watu wengine, ilibidi amrudishe kwao. Siku ya kwanza ya kozi ya hisabati, mwezi Juni, alimshusha mlangoni, akaegesha gari kivulini na kukaa humo mpaka kipindi kilipokwisha, kiyoyozi kikivuma. Siku ya pili pia. Siku ya tatu binti akamwambia, kwa upole, aende nyumbani akalale. Ana zamu usiku.

Septemba ikaanza kemia, pamoja na maabara. Binti alirudi na miwani ya plastiki imemwachia alama usoni, akaeleza mezani kwa nini mmenyuko mmoja unatoa joto na mwingine unameza. Mama alisikiliza kama mwanafunzi.

Jioni moja ya Oktoba mama alifika kumchukua akamkuta amekaa kwenye ngazi za jengo na mwanamume wa makamo aliyevaa sare ya ghalani, umri wa baba yake. Daftari lilikuwa katikati yao. Binti alikuwa akimweleza jambo kwa sauti, akichora kwa vidole hewani, akirudia, na yule mtu akitikisa kichwa kuwa hajaelewa, kisha akielewa. Nyumbani binti huyo hujibu kwa maneno mawili. Mama hakupiga honi. Alisubiri dakika ishirini.

Barua ya mama ilikuwa imeandikwa tayari tangu Septemba. Ilisema binti ni mwenye bidii, mtiifu, mwenye heshima, mcha Mungu. Kila neno lilikuwa kweli, na lingeweza kuandikwa na mama yeyote kuhusu mtoto yeyote. Usiku huo aliifuta akaandika kuhusu ngazi. Akaandika pia kwamba kwa miaka minne alidhani mtoto wake ni mkimya, kumbe meza ya jikoni haikuwa na mtu wa kuelezwa. Barua za walimu zilitoka kwa mkufunzi wa hisabati na yule wa kemia. Hizo mama hakuzisoma, kwani binti alitia saini kuachia haki ya kuziona, kama waombaji wengi wafanyavyo ili ziaminike.

Walivutana mara moja zaidi. Mama alitaka insha ya binti, ile ya maneno yasiyozidi 650, isimulie habari za chooni. Alifikiri ingewagusa wasomaji. Binti alikataa: "Hiyo ni yangu, Mama. Siiuzi." Aliandika kuhusu ramani ya ukutani ambayo tangu ana miaka kumi na miwili amekuwa akiweka pini kila mji ambao baba amelala na lori. Mama aliisoma mara moja tu, akasahihisha nukta mbili, akairudisha bila maksi.

Mambo ya fedha yalihitaji uvumilivu tu. Kuna fomu ya serikali, FAFSA, na vyuo vingi vya binafsi huomba na nyingine iitwayo CSS Profile, isiyolipiwa na familia zenye kipato cha chini. Wazazi wengi wa Kiafrika huviondoa vyuo vya gharama kwenye orodha wakiangalia ada peke yake, na hapo hukosea. Chuo Kikuu cha Rice, ambacho kiko hapo hapo Houston, kilitangaza mwaka 2018 kwamba familia yenye kipato cha kati ya dola 65,000 na 130,000 kwa mwaka haitalipia ada ya masomo, na iliyo chini ya hapo italipiwa na malazi. Viwango hivyo vimepandishwa baadaye. Kazi ni kupokelewa.

Desemba matokeo ya kemia yakatoka: B, ya Houston. Mama aliyaongeza kwenye transkripti, chini ya 61 yake, akatuma.

Walioomba vyuo saba. Machi na mapema Aprili majibu yalikuja moja moja, mengi jioni, binti akiyafungua kwa simu sebuleni huku baba akiwa hewani kutoka barabarani. Vinne vilikataa, kikiwemo kile alichokiota tangu darasa la tisa. Alilia usiku mmoja, na mama hakumwambia asilie. Kimoja kilimweka kwenye orodha ya kusubiri. Viwili vilimpokea, na kimojawapo, kilicho mwendo wa saa tatu kwa gari, kilileta msaada wa fedha ambao baba aliupiga hesabu mara mbili kwenye karatasi ya kupakia mizigo kabla hajaamini. Ataanza Agosti. Anataka kusoma uhandisi wa kemikali.

Mama bado anafundisha. Mdogo wake binti ana miaka kumi na mmoja, naye amesomea nyumbani tangu mwanzo. Mambo mengi yamebadilika kwake: Jumanne na Alhamisi huenda kwenye darasa la sayansi la familia kadhaa, linalofundishwa na mzazi mwingine, na kaunta buku lake lina safu ya pili kwa ajili ya maksi zilizotolewa na watu wengine. Wiki iliyopita alirudishiwa jaribio lake la sehemu. Akaigeuza karatasi, akaitazama ile namba nyekundu juu, akamtazama mama.

"Hii 72 ni ya Morogoro au ya Houston?"

"Ya Morogoro," mama akajibu, akaendelea kusahihisha.