Safari ya kwa Mjomba

Juma hili nimeletewa bahasha ndogo iliyonirudisha nyuma miaka mingi. Sina budi kuwasimulia habari yake, ingawa katika simulizi hii sitaonekana mtu mwema kwa kila hatua.

Siku hizo barabara ya Tunduma ilikuwa bado ya vumbi. Ulikuwa mwezi wa saba, na mwenyeji wa Ufipa anaijua baridi ya mwezi huo. Mama mmoja mjane alifika mlangoni alfajiri, akasema, "Baba Paroko, njoo umwone mwanangu kabla hajafa." Nilichukua mafuta ya wagonjwa. Nikamkuta kijana nyuma ya ghala la ulezi, mguu wake mmoja umepitishwa katika tundu la gogo na kigingi kimepigiliwa, kifundo kimevimba. Alikuwa akijibizana na watu nisiowaona. Aliponitazama akanyamaza, kisha akaniamkia kwa adabu, "Tumsifu Yesu Kristo." Salamu ile iliniumiza kuliko gogo lenyewe.

Asiwahukumu upesi mtu aliye mbali. Kijana huyo alikuwa ametoroka usiku mara tatu, na mara ya mwisho aliichoma moto nyumba ya baba yake mdogo, watoto wakaokolewa kwa shida. Ng'ombe wawili walikuwa wamekwisha kwenda kwa waganga. (Wazee hulifasiri jina la Sumbawanga kuwa ni kutupa uchawi, nahisi hatukuutupa mbali.) Gogo lile ndilo lililokuwa hospitali pekee ambayo mama aliimudu.

Tukaamua kumpeleka hospitali. Hakukubali, alisema si mgonjwa. Ndipo nikamwambia kwamba tunakwenda kumwona mjomba wake. Mimi ndiye niliyetamka hayo, kwa sababu mimi ndiye aliyeniamini. Alipanda gari bila kamba. Njiani aliniuliza mara mbili kama mjomba yu mzima, nami mara mbili nikajibu kwamba ni mzima. Tulipofika, wanaume wanne walimshika, akachomwa sindano, naye akaniita kwa sauti ambayo naisikia hadi leo.

Alirudi baada ya miezi miwili, amenenepa, mikono ikitetemeka kidogo kwa sababu ya dawa. Akalima maharage, akamjengea mama yake jiko. Siku moja akaniambia bila hasira, "Baba, wale walionishika nimewasamehe, maana hawakunijua. Wewe ulinidanganya." Sikuwa na la kujibu.

Nchi yetu si ngeni katika jambo hili. Lutindi, katika milima ya Usambara, imepokea wagonjwa wa akili tangu mwaka 1904, na Mirembe ya Dodoma tangu 1927. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inamtambua mgonjwa anayeingia hospitali kwa hiari yake, na pia yule anayepelekwa bila hiari, kwa maombi ya ndugu au kwa amri ya mahakama. Kwa upande mwingine, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema katika ibara ya 14 kwamba ulemavu usiwe kamwe sababu ya kumnyima mtu uhuru wake. Nakubaliana na ibara hiyo ninapolikumbuka gogo. Nikiwakumbuka wale watoto waliotolewa motoni, nasita. Wanaolijadili jambo hili mezani mara nyingi wana gari, na wana duka la dawa jirani. Mama yule alikuwa na kamba na usiku mrefu.

Marko anasimulia habari za mtu aliyekaa makaburini, ambaye minyororo ilishindwa kumzuia. Yesu alimwuliza jina lake. Mimi nilimwuliza mama, nikamwuliza mwenyekiti wa kijiji, nikamwuliza daktari. Kijana sikumwuliza lolote ila kama yuko tayari kwa safari.

Miaka iliyofuata dawa ziliadimika, akaugua tena, akapona tena. Sasa ana mvi kidogo. Ndani ya bahasha niliyoitaja mna karatasi ya daftari, mwandiko wake mwenyewe, aliyoiandika akiwa mzima. Inasema: nikikaa siku tatu bila kulala, nikaanza kumwaga chakula nikisema kina sumu, nipelekeni hospitali hata nikikataa. Dada yangu aandamane nami. Msinifunge. Mniambie kweli ninakokwenda, hata kama nitapigana nanyi.

Dole gumba la mama lipo pembeni, kwa wino wa buluu. Chini ameacha nafasi ya sahihi yangu. Nimeitia jana jioni, na leo nimemrudishia karatasi kwa mkono wangu mwenyewe. Aliisoma yote tena mbele yangu, polepole, kisha akaikunja na kuitia katika mfuko wa shati.